Kompyuta ya mama: laki tisa, Kariakoo, na ile stika ya i7

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Hisabati, shule ya msingi, anaishi Korogwe. Kustaafu kastaafu lakini watoto wa mtaani hawajamwachia, jioni wanajaa barazani, wa darasa la sita na la saba, anawafundisha na kila mwisho wa mwezi anawatungia mtihani. Anauandika kwa mkono, mwandiko wake ule ule wa ubaoni, umenyooka kama kapiga rula, afu anaupeleka steshenari wamchapie. Sasa siku moja akanitumia picha ya karatasi WhatsApp, bila neno lolote. Nikaikuza nione. Swali la 7 mama kaandika 5² wao wamechapa 52, swali la 11 alama ya kipeuo cha pili haipo kabisa, imebaki 49 imesimama peke yake na neno "tafuta" mbele yake. Nikampigia.

Akaniambia, "Mwanangu, mtoto kajibu sawasawa swali ambalo limechapwa vibaya, mi nimpe maksi gani?"

Hiyo sauti ilinikaa. Huyu mtu kafundisha maisha yake yote, hajawahi kumpa mtoto swali lenye kosa, leo anaonekana mbele ya wazazi kama hajui anachokitunga. Usiku huo huo nikaandika kwenye grupu letu la familia, tupo watatu, nikasema mama anahitaji kompyuta yake mwenyewe, kila mtu atoe laki tatu. Wakatoa. Laki tisa kwa kila kitu, kuanzia kompyuta mpaka waya wa mwisho mpaka nauli ya kuifikisha Korogwe.

Kaka alitaka laptopu. Nilimwelewa, laptopu ina betri, ina wifi, ina kamera, hauhangaiki na mawaya. Lakini mama macho yake ya karibu yameshachoka, anasoma meseji kwa kunyoosha mkono, ukimpa skrini ya inchi 14 ataikunjia mgongo mwaka mzima. Na laptopu za mtumba kwa hiyo hela betri zake nyingi zimeshaisha, kwaiyo unalipia betri ambayo haipo. Desktop inakaa mezani, skrini inainuliwa mpaka usawa wa macho, kibodi ni kubwa, na kitu kimoja kikiharibika unabadilisha hicho kimoja tu. Tukakubaliana desktop.

Kabla sijaenda dukani nilimuomba mama anipigie picha ya ile kona ya chumba anapotaka kuiweka. Sijui kwa nini watu hawafanyi hivi. Hiyo picha ndo ilinipa nusu ya majibu, soketi ni moja tu ukutani, ya pini tatu kama zetu zote, meza ni ile ya zamani ya shule yenye droo, intaneti ya ndani hakuna, anatumia bando la simu, na dirisha liko nyuma ya kiti kwaiyo mwanga utagonga skrini. Nikamwambia ageuze meza kabisa kabla kompyuta haijafika, akaigeuza siku hiyo hiyo.

Haya, Kariakoo. Duka la kwanza, hata sijamaliza salamu, kijana kashaniwekea CPU kaunta, "Dada hii i7, laki mbili na themanini, mashine ya kazi, hata gemu inacheza." (Nasema CPU kama tunavyosema wote, namaanisha lile boksi.) Stika ya i7 inang'aa pale mbele. Na hapa ndo nataka nikae kidogo, maana nimeona watu wengi wanawanunulia wazazi wao hiyo stika.

i7 ni daraja la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, ila stika ya i7 peke yake haikwambii kitu. Kinachokwambia ni namba inayofuata. Ile ya kwangu pale kaunta ilikua i7-4770, ile 4 ya mwanzo ndo kizazi cha prosesa, kizazi cha nne, ilitoka 2013. Ukikuta i5-8500, hiyo ni kizazi cha nane. Ukikuta i5-10500 ni kizazi cha kumi, kuanzia hapo zinasomwa mbili za mwanzo. Sasa kwa nini nahangaika na kizazi wakati mama anachapa mtihani tu? Kwa kuandika tu hiyo i7 ya 2013 ingemtosha, nasema ukweli. Shida ni Windows. Windows 10 Microsoft walisitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wapo mafundi wanaoilazimisha ikae kwenye mashine za zamani, na inakaa, ila Microsoft hawakuhakikishii kwamba itaendelea kupata masasisho. Mimi niko Dar, mama yuko Korogwe, ikigoma katikati ya wiki ya mtihani nani ataifungua? Kwa mtu wa karibu na fundi sawa, kwa mama yangu hapana.

Kwaiyo nikajipa sharti moja tu, kizazi cha nane kwenda juu. Hilo sharti lilifuta theluthi mbili za kilichokua kaunta na kichwa kikatulia.

Nilichochukua mwishoni ni HP EliteDesk 800 G4, ile nyembamba inayosimama au kulala, i5-8500, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (ya kuhifadhia mafaili) ya GB 256, kwa laki nne na ishirini. Hizi mashine zilikua za maofisini huko nje, zinaletwa kwa makontena, zimejengwa imara na ndani zinafunguka bila bisibisi. Ungekuta Dell OptiPlex au Lenovo ThinkCentre za umri huo huo ni sawa tu, angalia ipi ina hali nzuri, usigombanie jina. Kulikua na vile vidogo kabisa pia, saizi ya kitabu, nilivipenda, ila vinatumia chaja ya nje kama laptopu na ramu ya laptopu, ile chaja ikipotea au ikiungua mama ataipata wapi, nikaacha.

Usilipe kabla haijawashwa mbele yako. Mi nilisimama pale karibu saa nzima na yule kijana wala hakukasirika, alipoona najua ninachotafuta akaniletea na kiti. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, linafunguka dirisha, nenda sehemu ya utendaji, pale prosesa inajitaja jina lake yenyewe na namba yake, stika haiwezi kudanganya hapo. Hapo hapo unaona ramu imekaa kwenye tundu ngapi. Yangu ilikua fimbo moja ya GB 8 na tundu tatu ziko wazi, nzuri sana, siku mama akihitaji zaidi tunaongeza bila kutoa ya zamani. Ila kumbuka mashine hizi zinataka ramu aina ya DDR4, ile ndefu ya desktop, ile DDR3 ya mashine za zamani haiingii, kibonde chake kimekaa pengine, ukiilazimisha utavunja.

Afu angalia tarehe. Hii ndogo lakini ina kisa. Mashine niliyowashiwa ilikua inasema tuko miaka kadhaa nyuma, kijana akairekebisha haraka haraka kwa mausi akataka tuendelee. Nikamwambia izime, chomoa waya kabisa, tuhesabu dakika tano, washa. Ikarudi nyuma tena. Betri ya ndani imekufa, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Ni kitu cha elfu mbili tu na akaibadilisha pale pale, lakini ningeiacha hivyo kila umeme ukikatika Korogwe tarehe ingerudi nyuma, na tarehe ikiwa si sahihi tovuti zinakataa kufunguka, zinakuletea maonyo ya usalama mekundu, mama angedhani kaharibu kitu.

Na ingia kwenye mipangilio ya awali, ile unayobonyeza F10 kwa HP wakati inawaka, uone kama haina neno siri la kampuni iliyokua inaimiliki. Ikiomba neno siri ambalo muuzaji halijui, rudisha kaunta. Pia zipo mashine za zamani ambazo nyuma zina kiswichi chekundu cha 115 na 230, kama zimetoka nchi za umeme mdogo hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka. Yangu inajipimia yenyewe, haina hicho kiswichi.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilidai, na nyuma yake akaniandikia waranti ya miezi mitatu kwa mkono pamoja na namba ya mashine.

Monita. Nilichukua ya inchi 22, mtumba, laki moja na arobaini, nukta 1920 kwa 1080. Niliwasha ukurasa mweupe wote nikaangalia kama ina madoa, afu mweusi wote, afu nikasogea pembeni nione kama rangi zinapotea. Kigezo kikubwa kwangu kilikua stendi, inapanda na kushuka. Mama ni mfupi, na monita nyingi za bei ya chini stendi yake haisogei, unaishia kuweka vitabu chini yake.

Waya wa picha ndo ulinisumbua na ndo kitu ambacho nataka ukikumbuke kama unamnunulia mzazi wako. Monita ilikua na tundu za waya wa picha za aina mbili, HDMI na VGA. Nikanunua waya wa HDMI elfu kumi na mbili, nikarudi zangu nyumbani Tabata, nafungua mzigo usiku, nyuma ya CPU hakuna HDMI! Kuna tundu mbili za DisplayPort, inafanana na HDMI ila kona moja imekatwa, na pembeni kuna kipande cha plastiki kimeziba mahali ambapo mwenye ofisi angeweza kuagiza tundu la ziada, huyu hakuagiza. Kesho yake nikarudi Kariakoo kununua waya wa DisplayPort kwenda HDMI, elfu kumi na tano. Na huo waya una mwelekeo, upande wa DisplayPort unakaa kwenye kompyuta na wa HDMI kwenye monita, ukitaka kuutumia kinyume haufanyi kazi. Kwaiyo ukiwa dukani piga picha mgongo wa CPU, piga picha mgongo wa monita, weka zile picha pembeni pembeni kwenye simu yako, afu ndo uulize waya.

Kibodi na yenyewe. Kulikua na kibodi za HP nzuri nzito, elfu kumi tu, zimekuja na mashine kutoka Ulaya. Nikataka kuchukua, nikaangalia herufi, Z iko mahali pa Y na Y iko mahali pa Z, na ukienda kwenye alama ndo vurugu kabisa, hiyo ni kibodi ya Kijerumani. Nyingine ilikua inaanza na AZERTY, ya Kifaransa. Unaweza kuiambia Windows iitumie kama ya Kiingereza lakini maandishi ya juu ya vitufe yatabaki kumdanganya, na mama anaanza kujifunza leo, anaandika kwa kuangalia. Nikanunua mpya ya kawaida, kibodi na mausi vya waya, elfu thelathini na tano. Vya waya kwa makusudi, visivyo na waya vinataka betri na kile kidude cha USB kidogo kama punje ya hindi kinapotea.

Intaneti, CPU hii haina wifi ndani. Nilinunua adapta ya wifi ya USB elfu ishirini na tano ili ishike hotspoti ya simu ya mama. Baadae nikagundua ningeweza kuanza bila hiyo, ukichukua simu ya Android ukaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji, kwenye mipangilio ya simu ukawasha kushiriki intaneti kwa USB, kompyuta inapata mtandao na simu inachaji hapo hapo. Adapta bado inasaidia maana mama anapenda simu yake ikae jikoni, ila kama bajeti imekubana hicho ni kitu cha kuacha.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, sikuiacha. Desktop haina betri, umeme ukikatika ukurasa wa tatu wa mtihani unaondoka nao. Nilichukua ya 650VA, laki moja na thelathini. Hiyo VA usiisome kama wati, wati zake ni chache zaidi, lakini CPU hii na monita mtu akiwa anachapa tu havifiki hata wati mia. Tuliijaribu dukani, nikachomoa ukutani, tukakaa tunaongea habari za mvua, dakika ishirini na ushee bado inawaka. Mama hahitaji hata hizo zote, anahitaji dakika tano za kuhifadhi na kuzima. Angalia matundu ya nyuma ya UPS, zingine zinatoa yale matundu ya mdomo wa kompyuta tu, haziingii plagi yetu ya pini tatu, utahitaji waya mwingine. Yangu ina yale mapana yanayopokea plagi yoyote. Betri ya ndani ni ya risasi, volti 12, baada ya miaka miwili mitatu inachoka na inabadilishwa, usitupe UPS nzima.

Printa hatukununua. Nilitamani sana ile Epson L3250 ya wino wa chupa, inachapa, inaskani, inatoa kopi, ina wifi, lakini peke yake ingekula zaidi ya nusu ya bajeti. Zipo za bei rahisi za katriji, mama atachapa mitihani miwili katriji imeisha na kuinunua inakaribia bei ya printa. Nikajiuliza, kosa lilikua wapi hasa? Steshenari kuchapa karatasi wanachapa vizuri tu, kosa lilikua kwenye kuandika upya kazi ya mama. Akiandika mwenyewe akahifadhi kama PDF hakuna herufi itakayohama, anawapelekea kwenye flash wanatoa nakala tu. Flash ya GB 64 elfu ishirini. Printa itasubiri.

Programu ya kuandikia nilimwekea LibreOffice, ya bure na halali, maana ile Office waliyokua wanataka kuniwekea dukani "bonasi" ilikua ya kuvunjwa, na programu zilizovunjwa ndo mlango wa virusi.

Ukijumlisha vyote na ule waya niliokosea na elfu ishirini za mzigo kwenye basi, laki nane na kumi na saba elfu. Nilipanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi asubuhi, CPU na UPS vimefungwa kwenye nguo buti la chini, monita nimeipakata mwenyewe njia nzima, Chalinze, Segera, mpaka Korogwe, magoti yamekufa ganzi. Mama alikua kasimama mlangoni na kitambaa alichokishona cha kuifunikia.

Tulikaa siku mbili. Nikakuza maandishi ya skrini mpaka asilimia 150, nikapunguza kasi ya mausi, nikatoa kila kitu mezani kwenye skrini nikabakiza vitatu, kuandika, mitihani yake, na WhatsApp. Nikamwandikia kwenye karatasi, akaibandika ukutani kwa gundi. Kipeo kwenye LibreOffice ni Ctrl, Shift na P. Akakiangalia kile kitufe akasema "P ya kupanda", na namba ikapanda. Akaandika 5², akafuta, akaandika tena 6², 7², mpaka 12², mstari mzima, kimya kabisa, mi nimesimama nyuma yake natazama kile kichwa chenye mvi na sikutaka kusema neno.

Kipeuo cha pili kilikua kigumu zaidi, unaingia kwenye fomula unaandika sqrt na namba kwenye mabano ya mawimbi. Akaniambia niache, atafanya mwenyewe nikishaondoka.

Mwisho wa mwezi ikaja picha nyingine WhatsApp. Karatasi ya mtihani, maswali 20, kipeuo kimekaa juu ya 49 kama paa la nyumba. Safari hii aliandika na maneno chini yake: "Pembetatu inachorwaje? Nataka ya pembe mraba."